Ulinzi wa Ziwa Nyasa uanzie kwenye mashamba ya Rungwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie Ziwa Nyasa, na hasa pembe yake ya kaskazini, kuanzia Matema hadi mdomo wa Mto Songwe, ambako mito inayozaliwa katika milima yetu ya Rungwe, Uporoto na Livingstone humwaga maji yake. Kila samaki wanapoadimika huwa nasoma taarifa zinazofanana: doria imefanyika, makokoro na nyavu za matundu madogo zimekamatwa, moto umewashwa ufukweni, picha imepigwa. Sina ugomvi na doria hizo, kwa kuwa kokoro ni kokoro, na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 haikutungwa kwa ajili ya mapambo. Ugomvi wangu ni na wazo lililojificha nyuma ya picha hizo, kwamba ziwa linaanza pale mchanga wa ufukwe unapoanza, na kwamba anayelidhuru ni mvuvi peke yake. Mimi ni mkulima na mfugaji wa upande wa juu. Hoja yangu ni kwamba hatima ya ziwa hilo iko kwa sehemu kubwa mikononi mwetu sisi ambao hatujawahi kutupa wavu, na kwamba halitalindwa mpaka vijiji vya juu na vya chini vya mto mmoja viwe na chombo kimoja, chenye mamlaka yanayoeleweka na fedha za kufanyia kazi.

Tuanze na mwinuko. Kilele cha Mlima Rungwe kiko karibu mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, ilhali uso wa Ziwa Nyasa uko chini kidogo ya mita 500, na maji yanayoanguka mlimani hushuka kimo hicho chote katika umbali ambao, ukipimwa kwa mstari ulionyooka, haufiki kilometa 70. Sehemu kubwa ya Tukuyu na Kyela hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na mvua iliyo kali zaidi huja kati ya Machi na Mei, wakati ardhi imekwisha kushiba. Udongo wetu umetokana na majivu ya volkano. Ni mwepesi na una rutuba inayoruhusu migomba, chai, kahawa, viazi na maharage kukaa katika kijiji kimoja. Ukiwa umefunikwa, udongo huu hunywa maji mengi ajabu. Ukiwa umekwatuliwa na kuachwa wazi kwenye mteremko, mvua ya saa moja inatosha kuusomba. Msafiri anayeteremka kwa barabara ya Uyole kwenda Kasumulu mwezi Aprili hujionea mwenyewe rangi ya maji chini ya kila daraja.

Wengi wetu huku juu tunadhani kuwa ziwa lile ni kubwa mno kuathiriwa na tope la mashamba yetu. Ni kubwa kweli: lina urefu wa zaidi ya kilometa 550 na kina kinachofikia karibu mita 700, na ni la tatu kwa ukubwa Afrika, baada ya Viktoria na Tanganyika. Hata hivyo ukubwa huo unadanganya. Maji yaliyo chini ya takribani mita 250 hayana oksijeni, kwa sababu hayachanganyiki na yale ya juu, kwa hiyo samaki na riziki yote inayotokana nao viko katika tabaka la juu tu. Na sehemu yenye neema kubwa zaidi katika tabaka hilo ni ukanda mwembamba wa kandokando ya ufukwe, hapo hapo mito inapoingilia. Tena ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, yaani Mto Shire ulio kwenye ncha yake ya kusini, nchini Malawi, na maji mengi huondoka kwa kugeuka mvuke. Mvuke hauchukui tope wala mbolea. Kilichoingia Kyela mwaka huu, kwa hesabu ya maisha ya binadamu, kimeingia moja kwa moja.

Ziwa hili linasifika duniani kwa wingi wa aina za samaki, mamia kwa mamia, ambao wengi wao hawapatikani mahali pengine popote. Wale wadogo wenye rangi za kupendeza wanaoishi kwenye miamba ya ufukweni, kama ile inayoanzia Matema kuelekea Ikombe, wengi wao hula mwani unaoota juu ya mawe, na mawe yakishafunikwa na tope chakula chao kinaharibika. Halafu kuna suala la mbolea. Fosforasi hushikamana na chembe za udongo, kwa hiyo shamba linalopoteza udongo linapoteza pia ile DAP iliyonunuliwa kwa shida, na huko chini mbolea hiyo hiyo hustawisha mwani usiotakiwa majini. Mkulima amelipia mfuko, mto umeuchukua, na mvuvi ameletewa hasara. Sijaona biashara mbaya kuliko hiyo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni mbasa. Huyu ni samaki wa ziwani anayepanda mitoni kutaga mayai kwenye changarawe, mahali ambapo maji ni safi, yanakwenda kwa kasi na yana hewa ya kutosha. Mayai yake hukaa katikati ya vijiwe, na yakifunikwa na tope laini hukosa hewa na kufa. Kwa hiyo uzazi wa mbasa hupita katika mikono ya watu wawili wasiojuana: mvuvi wa mdomoni mwa mto, ambaye akitandaza wavu kutoka ukingo hadi ukingo hakuna mzazi atakayepita, na mkulima wa huku juu, ambaye akilima mpaka majini hakuna yai litakaloanguliwa. Mmoja wao akijirekebisha peke yake, faida haitaonekana, na baada ya miaka miwili aliyejirekebisha atajiona mjinga na kurudia yale ya zamani. Wenzetu wa Malawi walikuwa na samaki mwingine mwenye tabia ya kupanda mitoni, wanayemwita ntchila, ambaye hapo zamani alikuwa wa kutegemewa sokoni. Amepungua kiasi kwamba hahesabiwi tena miongoni mwa samaki wa biashara kubwa, na wataalamu wanaposimulia habari zake hutaja mambo hayo mawili kwa pamoja, nyavu za midomoni na kuharibika kwa mito yenyewe. Mwaka 2024 Serikali yetu ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Hatua ya namna hiyo ikichukuliwa Nyasa inaweza kuwafaa usipa na wengine wanaozaliana humo humo ziwani, lakini haitamfaa sana mbasa ikiwa mto anaouendea umejaa tope, kwa kuwa tope halitii tangazo la kufunga ziwa.

Kingo za mito na vijito vyetu zimebadilika kwa sababu zinazoeleweka kabisa. Mashamba yamegawanywa kwa watoto na wajukuu mpaka kipande cha mtu kinaishia majini. Viazi vina soko la uhakika mijini, na mwenye shamba la mteremko hupiga matuta ya kushuka kwa sababu ndiyo mepesi kwa jembe na maji hayatuami. Milingoti imepandwa mabondeni kwa ajili ya nguzo, kuni na mbao, hata mahali palipokuwa na chemchemi. Amri za kuing'oa zimetolewa zaidi ya mara moja, ikakatwa michache iliyo karibu na barabara, na visiki vikachipua upya. Mchanga wa ujenzi unachimbwa kwenye kingo, pikipiki na magari yanaoshwa kwenye vivuko. Parachichi nalitetea kidogo, maana mti wa kudumu unaofunika udongo ni nafuu kuliko kiazi cha matuta ya kushuka, ila wale wanaofyeka vichaka vya ukingoni ili wapande parachichi, kisha wakavuta kijito kizima kwa pampu, wasituambie kuwa wanapanda miti. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Katika bonde la mto methali hiyo haifanyi kazi, kwa sababu mchuma janga wa juu hali chochote. Wanaokula ni wa chini, na ndiyo maana hakuna anayeona haraka ya kubadilika.

Sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kudhuru uhifadhi, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe wa ziwa. Kila ofisa anayefika kijijini anaifahamu namba hiyo, wanakijiji wanaifahamu pia, na pande zote mbili zinajua kwamba huku kwetu haifuatwi. Nami sitashangilia siku itakapotekelezwa kwa mkupuo, kwa kuwa mabonde yetu ni membamba na vijito ni vingi, na ukichora mita 60 kila upande wa kila kijito utakuta kaya ambazo shamba lao lote limo ndani ya mstari. Kaya hiyo ukiinyang'anya shamba haitahamia mjini. Itapanda juu zaidi, kwenye mteremko mkali zaidi, au itaingia msituni.

Nadhani jibu tunalo mabandani mwetu. Rungwe ni wilaya ya ng'ombe wa maziwa wanaofugwa ndani, na ng'ombe hao hulishwa majani ya kukatwa: guatemala, mabingobingo, na wakati wa shida hata migomba. Ukanda wa kando ya mto ukipandwa guatemala, usiguswe na jembe, majani yakakatwa na kubebwa huku mizizi ikibaki imeshika udongo, kaya haijapoteza ardhi yake. Imebadilisha tu zao la ukanda ule kutoka viazi kuwa maziwa. Maziwa huleta fedha kila siku, ingawa kidogo kidogo, wakati viazi huleta fedha kwa msimu na kwa bei anayoitaka mnunuzi mwenye lori. Zile mita chache zinazogusana na maji ziachiwe mikuyu na miti mingine ya asili, na ng'ombe wasishushwe kunywa hapo. Pale ambapo mteremko unazidi kiasi, matuta yafuate kontua, na kwenye mpaka wa shamba iwekwe mistari ya majani hayo hayo. Anayetaka kutekeleza kifungu cha 57 kwa namba tupu anaweza kuniambia kwamba huu ni ulegevu. Namwomba apite bondeni na futi ya kupimia, ahesabu nyumba, kisha aniambie atawapeleka wapi.

Ninasisitiza hiari kwa sababu shuruti ilikwisha kujaribiwa nchini humu. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani kwao, na mwaka 1955 watu waliandamana mpaka damu ikamwagika. Nia ilikuwa kuzuia mmomonyoko, na nia hiyo ilikuwa njema. Lakini kazi yenyewe haikuuliza udongo wa Uluguru ukoje wala mwenye shamba atakula nini, na ilishindwa. Kwetu Unyakyusa, kwa upande mwingine, ulikuwapo uhifadhi usiohitaji askari. Misitu ya matambiko na ile waliyozikwa machifu haikukatwa, na mahali kama Lubaga huku juu na Palikyala kule karibu na ziwa paliheshimiwa na watu wengi kuliko wale waliopakana napo. Sipendekezi turudishe hofu ya mizimu, na waumini wenzangu kanisani wasije wakanishangaa. Ninachosema ni kwamba msitu ule ulikuwa na mwenyewe anayejulikana, na kila mtu alijua nani ana haki ya kumkemea nani. Leo kijito kinachopita kati ya vitongoji viwili hakina mtu wa namna hiyo. Mwenyekiti wa kitongoji anaogopa kumkemea mpiga kura wake, ofisa wa bonde ana mito isiyohesabika na gari moja, na mvuvi wa Kyela, ambaye angekuwa na sababu ya kukemea, hana njia ya kufika.

Nikizungumza hivi watu hunitajia Ziwa Ngozi, wakisema mbona lile limetunzika. Ngozi liko ndani ya shimo la volkano katika safu ya Uporoto. Kidakio chake chote, yaani eneo linalolikusanyia maji, ni kuta za shimo hilo, halina mto unaoingia wala unaotoka, na msitu unaolizunguka ni wa hifadhi. Ziwa la namna hiyo linaweza kulindwa kwa mpaka na askari wa misitu. Nyasa haliwezi, maana kidakio chake kinaanzia nyuma ya jiko langu. Mfano unaotufaa zaidi uko upande wa pili wa milima hii hii. Ruaha Mkuu, mto uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, ulianza kukauka wakati wa kiangazi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wafugaji wakaondolewa Usangu, mwaka 2008 eneo la Usangu na ardhioevu yake ya Ihefu likaingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na bado mjadala wa maji ya mto huo haujakwisha. Haujakwisha kwa sababu maji yanagawanywa juu, kwenye mifereji ya mpunga na kwenye mito midogo inayoshuka kutoka Uporoto na Kipengere, kabla hata hayajaifikia Ihefu. Kulinda sehemu ya chini peke yake, hata kwa hifadhi ya taifa, hakukuondoa haja ya watu wa juu kukaa mezani.

Vyombo vya kuwaketisha mezani tunavyo, tena vingi. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inazitambua Jumuiya za Watumia Maji, na juu yake kuna Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa, mojawapo ya mabonde tisa ya nchi. Kwenye mialo kuna vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi, ambavyo wavuvi huviita BMU. Kila kijiji kina kamati ya mazingira, na kinaweza kutunga sheria ndogo katika mkutano mkuu wake na kuipeleka halmashauri ikathibitishwe. Kasoro ni kwamba kila chombo kinatazama pale kiliposimama. Jumuiya ya watumia maji ya juu inajadili zamu za mfereji na bomba. BMU inajadili nyavu na leseni. Na hakuna kikao hata kimoja ambamo mwenyekiti wa BMU anaweza kumuuliza mwenyekiti wa jumuiya ya juu kwa nini mto uliingia ziwani ukiwa mwekundu wiki nzima. Ajabu ni kwamba watu wale wale hukutana sokoni bila taabu. Viazi na ndizi vinashuka, usipa na mchele wa Kyela vinapanda, na vyungu vya Wakisi kutoka soko la Lyulilo viko katika nyumba nyingi za Rungwe. Tunajuana kwa bei, lakini kwa mambo ya mto hatujuani.

Pendekezo langu ni kuanza na mto mmoja, na ningechagua Mbaka, kwa kuwa ni mdogo kuliko Kiwira na watu wake wa juu na wa chini wanaweza kufikiana kwa safari ya siku moja. Liundwe baraza la mto huo, lenye wajumbe wa kuchaguliwa kutoka jumuiya za watumia maji, kamati za mazingira za vijiji vinavyopitiwa na mto na vikundi vya BMU vya mdomoni, na likae juu pamoja na chini kwa zamu. Wenye mashamba makubwa, viwanda na mamlaka za maji wanaochota kutoka mto huo wawe wajumbe pia, wakiwa na kura moja moja kama wengine, wasiwe wafadhili wa kualikwa siku ya kupanda miti. Nusu ya wajumbe wawe wanawake, na hapa sisemi hivyo ili kujaza fomu: wanaokata majani ya ng'ombe, wanaoteka maji na wanaopalilia ukingoni ni wao kwa sehemu kubwa, na mpango wa ukanda wa majani utakaopitishwa na wanaume peke yao utakufa siku ya pili. Sheria ndogo za vijiji vyote vya mto huo zitungwe kwa maneno yanayofanana, ili faini ya kulima ukingoni isiwe kubwa ng'ambo hii na ndogo ng'ambo ile.

Baraza lisilo na fedha litageuka kikao cha posho, na wasomaji watakaosema tumeshaona vyombo vingi vya namna hiyo watakuwa na haki. Lakini fedha zipo ndani ya mfumo wenyewe. Wenye vibali vya kutumia maji wanatakiwa kisheria kulipa ada kila mwaka. Sehemu ya ada inayotoka katika mto husika, itakayotajwa kwa asilimia na kubandikwa kwenye mbao za matangazo za vijiji, irudi kwa baraza la mto huo kununulia vipando vya guatemala, kulipia vitalu vya miche ya asili na kufidia msimu wa kwanza wa kaya inayobadilisha ukanda wake. Faini nazo zibaki mtoni. Kijiji kinachotoza faini kisha fedha yote ikaenda mbali hakina sababu ya kutoza faini ya pili. Wanaochota maji wafahamu pia kwamba kiwanda kinachosafisha maji yenye tope hutumia dawa nyingi zaidi, kwa hiyo fedha hiyo si sadaka kwa wakulima.

Jambo jingine ambalo baraza lingeweza kulifanya bila kusubiri mtaalamu ni kupima. Kuna kifaa rahisi, bomba refu la plastiki inayoonesha, lenye alama nyeusi na nyeupe chini yake. Unamimina maji ya mto taratibu mpaka alama isionekane, kisha unasoma kimo cha maji ubavuni. Wanafunzi wa shule za msingi wanaweza kukitumia. Kikiwekwa kwenye kila daraja la Mbaka na kusomwa kila wiki, na kila siku katika miezi ya Machi hadi Mei, tutajua si tu kwamba mto umechafuka, bali umechafukia kati ya daraja lipi na lipi. Wavuvi nao wana kipimo chao cha ziwani, sahani ya rangi nyeupe na nyeusi inayoshushwa kwa kamba hadi isionekane, na mitumbwi inayotoka kila alfajiri inaweza kuchukua vipimo ambavyo ofisi yoyote ingetumia fedha nyingi kuvipata. Daftari hizo mbili, ya madaraja na ya mitumbwi, zisomwe katika kikao kimoja. Hapo ndipo mwenyekiti wa kijiji changu atakapolazimika kueleza mbele ya wavuvi kwa nini maji yaliingia kwetu yakiwa safi na kutoka yakiwa tope, na namfahamu vya kutosha kujua kwamba hilo litamsumbua kuliko barua ya wilaya.

Najua ziwa hili ni la nchi tatu, na kwamba Mbaka si mto wake mkubwa. Malawi na Msumbiji wana wajibu wao, na kwa upande wa Mto Songwe nchi yetu na Malawi tayari zina ushirikiano rasmi wa kuliendeleza bonde lake. Lakini mito ya upande wa Tanzania huchangia sehemu kubwa ya maji yanayoingia Nyasa, na ni vigumu kumtaka jirani atunze kingo zake huku zetu zikiwa zimelimwa mpaka majini.

Kuhusu wakati, mvua za kwanza huku juu huanza Novemba, na matayarisho ya mashamba hufanyika Septemba na Oktoba. Kikao cha kwanza kikifanyika Agosti, sheria ndogo za muda zinaweza kukubaliwa kabla jembe halijaingia ukingoni, na vipando vikawa tayari kuwekwa ardhini mvua itakapoanza. Kikifanyika Desemba, tumepoteza mwaka mzima. Anayefaa kukiitisha ni bodi ya bonde, kwa kuwa mipaka yake ni ya maji na haina haja ya kusubiri halmashauri ipi itaanza. Naomba kikao hicho kifanyike Kyela badala ya Tukuyu, na wajumbe wa juu, nikiwamo mimi iwapo kijiji kitanituma, tuteremke mchana tukisimama kwenye kila daraja lililo njiani.

Wako,
Mkulima na mfugaji,
Rungwe, Mbeya